Binti Mmoja, Mama Mmoja, Miaka Miwili

Usharika wako ukishaamua kuwasaidia mabinti waliopata ujauzito wakiwa shuleni, cha kwanza kuandika kwenye daftari ni tarehe: siku ambayo binti aliacha kuingia darasani. Tangu siku hiyo utaratibu wa Wizara ya Elimu unampa miaka miwili ya kurudi. Mlango huo ulifunguliwa Novemba 2021, Waziri Joyce Ndalichako alipotangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kuendelea na masomo katika shule za serikali, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukaliweka jambo hilo kwenye maandishi. Kabla ya hapo, hasa tangu kauli ya Rais Magufuli ya Juni 2017, binti akishazaa alihesabiwa kuwa shule imekwisha. Hapa Marangu, mlimani Kilimanjaro, bado utakutana na wazazi, hata wazee wa kanisa, ambao kauli ile ya 2017 ndiyo ya mwisho waliyoisikia. Chapisha waraka, utembee nao.

Miaka miwili inaonekana mingi mpaka uipigie hesabu. Binti wa kidato cha pili anaacha shule mwezi wa saba, tumbo likianza kuonekana. Anajifungua Desemba. Mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, kwa hiyo tumeshafika Juni. Mwaka mpya wa masomo unaanza Januari. Siku anayovaa sare tena, mwaka mmoja na nusu umekwisha. Kama usharika ulikaa vikao vya kamati mpaka mtoto akaanza kutembea, nafasi imepotea huku kila mtu akiwa na nia njema. Kwa sababu hiyo nashauri huduma ianze mimba ikiwa bado changa, na ianze na mtu. Jengo, kibao cha barabarani na wafadhili vinaweza kusubiri, au visije kabisa.

Mama mlezi

Kila binti apewe mama mmoja wa kutembea naye. Kumkabidhi kwa kikundi kizima ni kumwacha peke yake, kwa kuwa kila mmoja atadhani mwenzake alikwenda.

Mtafute mwanamke anayekaa umbali wa kutembea kwa miguu hata Aprili, masika yanapogeuza njia za vihambani kuwa utelezi mtupu. Asiwe ndugu wa karibu wa binti, wala jirani mwenye ugomvi wa mpaka na baba yake. Awe mtu ambaye siri za watu zimewahi kufika kwake zikaishia hapo. Yule mwenye sauti kubwa kwenye kikundi cha wanawake ana kazi nyingine ya maana, ya kukusanya michango. Hii si yake. Usharika wowote una wanawake waliozaa wakiwa na miaka kumi na sita na hawajawahi kulisema hilo hadharani. Mchungaji au parish worker anawajua. Akiwaendea kwa faragha, wapo watakaokubali, na hao hawahitaji semina ya kuwafundisha aibu ile inavyouma.

Mama mlezi aende peke yake, na akienda baada ya binti kujifungua aende na sufuria. Kwa desturi ya Kichagga mzazi hulishwa. Hupikiwa mtori, hupewa supu ya kisusio mbuzi akichinjwa, hupumzika ndani kwa miezi huku wengine wakimkatia ng'ombe majani. Binti aliyezaa kwa aibu mara nyingi hayapati hayo. Wiki ya pili utamkuta anapanda mlima na mzigo wa majani kichwani, mtoto kamwachia mdogo wake. Mama anayefika na mtori wa moto anawaambia wazazi, bila kuhutubia, kwamba huyu naye ni mzazi kama wazazi wengine. Akae mpaka sufuria iishe, na binti anapokula aangalie. Je, anamshika mtoto au anamwacha tu kitandani? Matiti yamevimba na kuwa mekundu? Anamtazama mtu usoni? Binti asiyekula, asiyelala hata mtoto akilala, anayelia na hawezi kusema analilia nini, au anayesema mtoto angekuwa na heri kama yeye asingekuwepo, apelekwe kwa muuguzi siku hiyo hiyo. Maombi yafanyike njiani.

Na maneno ya kwanza? Wengi wetu tukiingia nyumba ya namna hii tunakuja na ujumbe tayari mdomoni. Soma habari za Hajiri katika Mwanzo sura ya 16. Ni kijakazi, ana mimba, ametoroka, amekaa kando ya chemchemi jangwani. Kabla hajaambiwa lolote la kufanya anaulizwa ametoka wapi na anakwenda wapi. Mama mlezi aulize hayo mawili, kisha anyamaze asikie. Suala la nani baba wa mtoto lisiulizwe siku ya kwanza, na lisiulizwe kamwe mbele ya wazazi. Inawezekana aliyempa mimba anakaa ndani ya nyumba hiyo, au anaheshimiwa ndani ya kanisa hilo.

Kliniki kwanza, mengine baadaye

Mwili wa msichana wa miaka kumi na tano haujamaliza kukua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba akina mama wa miaka 10 hadi 19 wako katika hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua kuliko wenye miaka ya ishirini, na uchungu ukikaa muda mrefu bila msaada unaweza kumwachia fistula. Shirika hilo linapendekeza mjamzito aonane na mtoa huduma walau mara nane. Binti anayeficha tumbo chini ya sweta la shule huenda mara moja, mwezi wa nane wa mimba. Mama mlezi amsindikize mara ya kwanza, amwekee kadi ya kliniki mahali pakavu, na ahakikishe amepimwa damu, shinikizo la damu na VVU, na amepewa vidonge vya kuongeza damu.

Dalili hizi azijue kwa kichwa, yeye na bibi wa binti pia, kwa kuwa mara nyingi bibi ndiye anayekuwepo nyumbani: kichwa kuuma sana kusikopoa, kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, damu kutoka, homa, mtoto kuacha kucheza tumboni. Ikitokea hata moja, ni gari sasa hivi. Kwa hiyo mpangeni mapema mwenye gari. Waumini wenye pikapu na Noah wapo, na namba zao ziwe kwenye simu ya bibi kabla ya mwezi wa nane wa mimba. Hospitali ya Kilutheri ya Marangu iko hapa hapa, Kilema ipo ya Wakatoliki, na kwa makubwa kuna KCMC mjini Moshi. Huruma haina dhehebu. Binti wa Kilutheri akiwa karibu na Kilema apelekwe Kilema.

Baada ya kujifungua kuna shauri ambalo makanisa mengi hulikwepa, nalo ni mimba ya pili. Shirika la Afya Duniani linashauri kupita walau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Binti anayerudi shuleni Januari akapata mimba Mei hatarudi tena. Naamini kanisa linalompenda litamruhusu muuguzi aongee naye faraghani juu ya uzazi wa mpango, amjibu maswali yake yote, na lisimgeuze muuguzi huyo kuwa adui. Padre au mchungaji ambaye dhamiri yake haimruhusu kulisema hilo mwenyewe, basi asimzuie anayelisema.

Isale na sheria

Kila Mchagga anajua kazi ya jani la isale. Ukimkosea mtu ukamwendea na isale, ni vigumu akufukuze. Jani hili limerudisha mabinti wengi nyumbani baada ya baba kuapa kwamba hatawaona tena, na ningependa wazee wa usharika walitumie bila kuona haya. Mzee mmoja anayeheshimiwa, anayeijua nyumba ile, akienda na isale mkononi kumwombea binti, anaweza kumaliza jioni moja jambo ambalo barua ya kanisa ingelikuza.

Jani hilo hilo hutumika pia kufukia kosa. Ukoo wa kijana unakuja na isale, mbuzi na mbege, wazee wanakaa, fidia inakubaliwa, na inasemekana mambo yamemalizwa nyumbani. Hapa huduma yako isimame imara. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mtu mzima aliyelala naye ametenda kosa la jinai hata kama binti alikubali, na tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi au kumwoa ni kifungo cha miaka 30. Mchungaji, mwinjilisti wala mama mlezi asikae kwenye kikao cha kulimaliza jambo la namna hiyo, asishuhudie fidia, asishike fedha. Wasipojua waanzie wapi, waende kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au wapige 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Mjini Moshi shirika la KWIECO limetoa msaada wa kisheria kwa wanawake kwa miaka mingi. Na kama binti amebakwa siku hizi hizi, hospitali itangulie: dawa ya kuzuia VVU hufanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72.

Ndoa ya haraka haraka ya kufunika tumbo nayo ikataliwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mchungaji anayeombwa kubariki ndoa ya namna hiyo ana jibu la kisheria na la kichungaji pia: hapana.

Kanisani penyewe

Nalisema hili kwa upendo kwa kanisa lililonilea. Mabinti wengi hawaachi ibada kwa kukosa imani. Wanaacha kwa sababu ya ile siku ya kusimama mbele ya usharika wote ili warudishwe kundini, huku kijana aliyehusika akiwa amekaa benchi la nyuma na kwaya. Toba ni kati ya mtu na Mungu wake, na mchungaji anaweza kuisikia ofisini au chini ya mgomba. Kama usharika wako unashikilia nidhamu, basi iwe sawa kwa wote wawili, na iwe faragha kwa aliye chini ya miaka 18. Aliyebakwa hana cha kutubia, na mtu asimdokeze hata kidogo kwamba anacho.

Mtoto abatizwe wakati ule ule wanaobatizwa wenzake. Mama yake, kama yuko kwenye mafundisho ya kipaimara, aendelee nayo. Katika mtaa wake asiitwe kwa kosa lake. Aitwe Mama fulani, kwa jina la mtoto, kama tunavyowaita akina mama wengine wote.

Kumrudisha darasani

Nendeni kwa mkuu wa shule kabla ya shule kufungwa Desemba, msingoje Januari. Aende mzazi au mlezi halali pamoja na mama mlezi, na barua fupi ya usharika. Bebeni waraka. Mkuu wa shule akisita, afisa elimu kata yupo, na juu yake ofisi ya halmashauri ya Moshi. Hamuendi kugombana: walimu wengi wanatamani kumpokea, wanachoogopa ni lawama. Binti akitaka kuhamia shule nyingine asikojulikana, mtetee ombi lake. Kuchekwa na waliokuwa darasa moja naye kumewatoa mabinti shuleni hata baada ya mlango kufunguliwa.

Kisha linakuja swali linaloamua kila kitu: mtoto atakaa na nani saa moja asubuhi? Bibi, kama ana nguvu. Lakini bibi wa Marangu huwa tayari analea wajukuu walioletwa kutoka Dar es Salaam na Arusha, anachota maji, ana ng'ombe wa ndani. Hapa ndipo fedha ya usharika iende kuliko kwenye khanga na sabuni za siku moja. Mlipeni mwanamke mmoja wa jirani amtunze mtoto saa za shule, au wekeni chumba kwenye jengo la mtaa ambalo katikati ya wiki linakaa tupu. Binti afundishwe kukamua maziwa yake alfajiri kwa mikono safi. Kwenye chombo safi chenye kifuniko hukaa salama kwa muda wa saa nne, na baridi ya huku kwetu inasaidia. Mwalimu wa kike aombwe chumba ambamo binti atakamua mchana bila kuchunguliwa, maana matiti yakijaa darasani, somo la hesabu limekwisha.

Misheni ya Kilutheri ilisomesha wasichana katika shule ya Ashira kabla haijawa ya serikali. Kumrudisha binti darasani ni kazi ambayo kanisa la mlima huu liliifanya zamani. Sasa linaendelea nayo kwa mtu aliyebeba mtoto mgongoni.

Baba wa mtoto

Yule kijana wa miaka kumi na saba, mwanafunzi mwenzake au deiwaka wa bodaboda kule Marangu Mtoni, naye ni mzazi. Akiwa naye ni mtoto kisheria, ustawi wa jamii ndio watakaosema la kufanya, na kesi yake si ya kuamuliwa na wazee wa kanisa. Lakini apewe mwanamume wa kumfuata, kama binti alivyopewa mama. Mzee huyo amfundishe kupeleka maziwa au kuni kila wiki kupitia kwa bibi, kidogo kisichokatika, na kukaa mbali na binti kama binti hataki kumwona. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kisimsubiri yeye. Mama anaweza kumsajili mtoto peke yake. Ulizeni kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, ambako watoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa.

Fedha, na daftari

Usharika wa mlimani hauna haja ya kungoja mfadhili. Ibada ikiisha, nje kuna mnada: mkungu wa ndizi, kuku, debe la mahindi, mayai, chupa ya maziwa. Mkungu wa ndizi huuzwa, aliyenunua huurudisha, huuzwa tena, na watu wakifurahi hupanda bei mara tatu ya sokoni Himo. Ombeni baraza la wazee Jumapili moja kila mwezi mnada wote uwe wa diakonia ya mabinti. Msitaje majina yao. Desemba, ndugu wanapopanda kutoka mjini kuja kuhesabiwa, mnada huo hujaa. Fanyeni hapo mpango wa sare na nauli za mwaka mzima.

Fedha hiyo ihesabiwe na watu wawili, itolewe kwa mahitaji: sare, daftari, nauli, pedi, mlezi wa mtoto, gari la dharura. Binti asipigwe picha ya shukrani akiwa ameshika pakiti ya sabuni. Picha ya mtoto wa watu aliyezaa, ikishaingia kwenye makundi ya simu, haitoki tena, na ataikuta siku anayoomba kazi. Daftari lenye majina likae kabatini kwa mchungaji, likifungwa kwa ufunguo, na mama mlezi awe na la kwake lisilo na jina.

Kama darasa la kawaida halitamfaa

Wapo wasiotaka kurudi, na wapo ambao miaka miwili imekwisha kabla hatujawafikia. Kwa hao kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Msinga, hapa hapa Moshi Vijijini. Vyuo vya aina hiyo nchini vimepokea akina mama vijana kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, ambamo mwanafunzi husoma sekondari na ufundi huku mtoto wake akitunzwa chuoni. Kuna VETA Moshi kwa wanaotaka ufundi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inawaandaa wanaotaka kufanya mtihani wa maarifa, maarufu kama QT, na baadaye kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Ulizeni nafasi na tarehe za usajili mapema, kwa kwenda wenyewe ofisini.

Mwezi wowote, katikati ya mambo haya yote, atakuja mtu kutoka mjini, mara nyingi ndugu, akisema kapata nafasi ya kazi za ndani kwa binti, mtoto abaki na bibi. Nyumba yenye njaa itakubali kabla hujasikia. Mama mlezi amuulize binti mwenyewe, akiwa peke yake, kama anataka kwenda. Kama jibu ni hapana, mchungaji aende jioni hiyo hiyo kwa wazazi na fedha ya mnada ya mwezi huo. Kama jibu ni ndiyo na ametimiza miaka 18, mama mlezi aandike jina la mwajiri, mtaa anaokaa na namba ya simu, ampe binti nauli ya kurudia aifiche mahali pake, kisha ampigie kila Jumapili baada ya ibada.